Maumivu ya uso Arusha: Jino hung'olewa, kosa liko kwenye neva

KILA mwaka kati ya Juni na Agosti, upepo wa baridi unaoshuka kutoka Mlima Meru huwafanya wakazi wa Jiji la Arusha kutoa makoti na masweta kabatini. Kwa walio wengi huo ni msimu tu, nao hupita. Lakini wapo wachache ambao upepo huo huo, ukiwagusa shavuni alfajiri wakiwa juu ya bodaboda, huwapiga kama waya wa umeme ulioachwa wazi.

Maumivu hayo hudumu kwa sekunde chache, pengine dakika moja au mbili, kisha hukoma ghafla kama yalivyoanza. Hurudi mtu anaponawa uso, anapotafuna, anapopiga mswaki, anaponyoa ndevu au hata anapofungua kinywa kusalimia. Aghalabu hushika upande mmoja wa uso. Madaktari wanauweka ugonjwa huu miongoni mwa maumivu makali kabisa yanayomfika binadamu, nao hutokana na hitilafu ya neva ya tano ya kichwa, inayojulikana kitaalamu kama neva ya trijemino.

Huwapata zaidi watu waliovuka umri wa miaka 50, na wanawake kuliko wanaume.

Chukua mfano wa mama mwenye umri wa miaka 55 anayeuza ndizi katika soko la Kilombero. Taya lake la chini, upande wa kulia, linachomwa. Yeye mwenyewe hana shaka kwamba ni jino, na anaonyesha kwa kidole ni lipi. Anapofika kituo cha afya anaelekezwa chumba cha meno, jino linatazamwa, linaonekana lina madoa ya kahawia, linang'olewa. Baada ya wiki mbili maumivu yako palepale, na sasa anaonyesha jino la jirani. Wagonjwa wa namna hii, hapa nchini na hata katika nchi tajiri, wamekuwa wakipoteza meno mawili, matatu, wengine safu nzima ya upande mmoja, kabla ya mtu yeyote kutaja neno neva.

Kosa hilo hutokea duniani kote, lakini Arusha ina sababu yake ya ziada ya kulifanya kwa urahisi zaidi.

Meru ni volkano, na miamba na majivu yake yana madini mengi ya floridi. Maji yanayopita humo huyabeba hadi visimani na mabombani, kuanzia Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki hadi Maji ya Chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa kukosa maji mengine ya kuwapa wananchi, ilivumilia kwa miaka mingi kiwango cha juu zaidi, miligramu 8 kwa maji ya vijijini na baadaye 4. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yanaumbika hutoka na meno yenye rangi ya kahawia, na magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande huongeza kiasi hicho.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia uchujaji wa floridi kwa miongo kadhaa. Aidha, mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru, alishinda tuzo ya ubunifu wa kihandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio lake la maji. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo, kizazi kilichokulia maji ya zamani kinaendelea kutembea na meno yale yale, na jino lenye madoa, hata likiwa zima, huonekana bovu kwa mgonjwa na mara nyingine kwa anayemtibu.

Ikumbukwe pia kwamba jino limewahi kubebeshwa lawama zisizo zake. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilienea nchini imani ya “meno ya plastiki”, ambapo watoto wachanga waliougua homa na kuhara walichokolewa fizi kwa vifaa visivyo salama ili kutoa vichipukizi vya meno vilivyodhaniwa kuwa ndiyo ugonjwa. Wapo waliopoteza maisha. Madaktari wa meno wa Muhimbili waliandika juu ya madhara hayo, na ilichukua muda mrefu kuwaeleza wazazi kwamba homa ilitoka kwingine.

Sasa, kama kosa si la jino, ni la nini? Jibu lake ni la umeme, na si umeme kwa maana ya mfano tu.

Kila seli ya neva hujitunzia chaji. Ndani ya seli iliyotulia, ukilinganisha na nje yake, kuna upungufu wa milivolti 60 hadi 70 hivi, ambao haufiki hata sehemu moja ya ishirini ya betri ya tochi. Hali hiyo inatunzwa na pampu ndogo sana zilizo katika utando wa seli, zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. (Sumu ya mti wa msunguti, ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki wameipaka kwenye mishale tangu kale, huua kwa kuzizima pampu hizo hizo, hasa zile za moyo.)

Seli inapochochewa na chaji yake kufika kizingiti fulani, milango ya sodiamu iliyo katika utando hufunguka kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, sodiamu humiminika ndani, na mpigo wa umeme husafiri hadi mwisho wa neva. Hakuna nusu mpigo. Ama seli inapiga ama haipigi. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, ndio walioeleza utaratibu huo kwa hesabu mwaka 1952 baada ya kupima neva nene ya ngisi, na mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel.

Neva ya trijemino ina matawi matatu, moja la paji la uso na jicho, moja la shavu na taya la juu, moja la taya la chini. Yote huingia katika shina la ubongo, yaani sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Humo mna safu ndefu ya seli inayoshuka hadi usawa wa shingo. Zilizo juu hushughulikia zaidi habari za mguso. Za chini hupokea habari za maumivu na joto. Jambo la kuzingatia ni kwamba seli moja ya huko chini huweza kupokea habari kutoka kwenye jino, ngozi ya shavu, misuli ya taya na hata ngozi laini inayofunika ubongo. Ubongo unapopata ujumbe kutoka seli hiyo hauna uhakika umetoka wapi hasa. Kwa hiyo mama wa Kilombero hadanganyi anaponyooshea kidole jino lake. Ndivyo anavyoambiwa na shina la ubongo wake.

Kwa wagonjwa wengi chanzo ni mshipa mdogo wa damu unaoigandamiza neva hii mahali inapoingilia shina la ubongo. Kwa kupigapiga miaka mingi, mshipa huo huichubua ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, mithili ya plastiki ya waya inayochubuliwa na ukingo wa bati. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, umeme huvuja kutoka uzi mmoja hadi mwingine, hivyo uzi wa mguso huwasha uzi wa maumivu, na ndiyo maana upepo au maji ya kunawa yanatosha kumwangusha mtu. Pili, tabia ya umeme ya seli zenyewe hubadilika. Chaji yake huanza kuyumba juu na chini karibu kabisa na kizingiti, kama ndoo iliyojaa pomoni ambayo ukiigusa tu inamwagika. Na seli ikishapiga mara moja haiachi, bali hupiga kwa mfululizo mpaka ichoke. Uchovu huo ndio unaomletea mgonjwa kipindi kifupi cha nafuu baada ya kila shambulio.

Zile seli za shina la ubongo nazo, kwa kupigiwa kelele kila siku, hujifunza kuitika upesi zaidi. Kizingiti chao hushuka. Wataalamu bado wanabishana lawama kiasi gani iende kwa neva iliyochubuka na kiasi gani kwa seli hizo zilizozoeshwa maumivu, na ubishi huo una maana kwa mgonjwa, kwa sababu unaeleza kwa nini baadhi huendelea kuteseka hata mshipa wa damu ukishaondolewa.

Katika chumba cha meno kuna mtego mmoja ambao haujazungumzwa vya kutosha. Kabla ya kung'oa jino, mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi, kwa kawaida lignokeini. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kuziba milango ile ile ya sodiamu. Tawi la neva likishazibwa, maumivu ya trijemino nayo hukoma kwa saa moja au mbili. Mgonjwa anasema, “Daktari, hapo hapo ndipo penyewe.” Anayemtibu anaona amethibitisha. Kumbe sindano imethibitisha tu kwamba ujumbe unapita katika tawi hilo, jambo ambalo ni kweli kwa jino bovu na ni kweli kwa neva mbovu. Jino zima linang'olewa kwa ushahidi unaoonekana kamili.

Haya yasichukuliwe kwamba kila maumivu ya uso ni ya neva. Sehemu kubwa kabisa ya wanaofika chumba cha meno wana meno yaliyooza kweli, na usaha wa jino usipotibiwa huweza kuua. Lakini tofauti zipo na hazihitaji mashine. Jino bovu huuma kwa saa nyingi, hutuma mapigo usiku, huitikia chai ya moto au maji baridi, na mara nyingi huleta uvimbe. Neva hupiga kwa sekunde, huitikia mguso mwepesi wa ngozi, na kati ya shambulio na shambulio hakuna kitu. Yapo pia maumivu ya tatu, yanayoungua mfululizo katika paji la uso baada ya mkanda wa jeshi kupona, ambayo yamejulikana zaidi nchini tangu kuingia kwa UKIMWI, na hayo yana dawa zake tofauti, mojawapo ikiwa amitriptilini.

Dawa ya neva ya trijemino haikugunduliwa jana. Karbamazepini iliundwa mwaka 1953 na mkemia Walter Schindler katika kampuni ya Geigy mjini Basel, Uswisi, na mwaka 1962 daktari wa Uswidi, Sigfrid Blom, akaripoti katika jarida la Lancet kwamba inatuliza maumivu hayo. Ni zaidi ya miaka 60 sasa. Uzuri wake ni kwamba hushika hasa milango ya sodiamu ya seli zinazopiga kwa kasi isiyo ya kawaida na kuzielemea kidogo tu zile zinazofanya kazi kwa utulivu. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu kubwa mwanzoni, wengine ndani ya siku chache, kiasi kwamba nafuu hiyo yenyewe imekuwa ikitumika kama dalili kwamba ugonjwa ni huo.

Karbamazepini imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO na katika ile ya Tanzania. Imo, lakini kwa jina la kifafa. Katika orodha ya WHO inatajwa chini ya dawa za kifafa na za maradhi ya akili; maumivu ya uso hayatajwi. Jambo hilo linaonekana dogo, la makarani. Athari yake si ndogo. Mfanyakazi wa chumba cha meno hana sababu ya kuifikiria dawa ambayo mafunzo na daftari vinamwambia ni ya watu wanaoanguka, na mgonjwa anayepewa “dawa ya kifafa” bila kuelezwa huweza kuitupa jalalani kwa kuogopa macho ya majirani.

Dawa hiyo si ya kujinunulia dukani. Huleta kizunguzungu na usingizi, huweza kushusha sodiamu katika damu, na kwa wachache sana huleta upele wa hatari unaobabua ngozi. Zaidi ya hapo, huliamsha ini liyeyushe dawa nyingine kwa kasi. Vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu. Dolutegraviri, ambayo Tanzania iliingiza katika matibabu ya VVU mwaka 2019 na ndiyo nguzo ya matibabu hayo, nayo hupungua katika damu, hivyo dozi yake hulazimika kurekebishwa au dawa nyingine kutafutwa. Mgonjwa anayepata dawa za VVU katika kliniki moja na za neva katika nyingine, bila kliniki hizo kuulizana, yuko hatarini.

Je, tatizo hili ni kubwa kiasi gani Arusha? Sensa ya mwaka 2022 ililipa jiji hilo wakazi zaidi ya 600,000. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi kutoka nchi nyingine ni wagonjwa wapya 4 hadi 13 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Kwa hesabu hiyo, jiji pekee lingekuwa na wagonjwa wapya kati ya 24 na 78 kila mwaka, bila kuhesabu vijiji vya Meru na wilaya nyingine. Ni idadi ndogo ukilinganisha na malaria au shinikizo la damu. Ni ndogo vya kutosha kwa mhudumu mmoja kutoiona kwa miaka, na kubwa vya kutosha kujaza mabenchi ya kliniki moja iliyojipanga kuwatafuta.

Kaskazini mwa Tanzania si mahali pasipo na msingi wa kazi hiyo. Mwaka 2003 na 2004, timu ya watafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, eneo ambalo hadi mwaka 2002 lilikuwa mkoani Arusha, ilipita nyumba kwa nyumba ikihoji zaidi ya watu 7,000 kuhusu kuumwa kichwa. Huko Moshi, Dk. William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu wa KCMC, aliandika kitabu kizima kuhusu magonjwa ya neva barani Afrika, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Bergen mwaka 2012 na kupatikana bure katika intaneti. Kitabu hicho kina sura ya neva za kichwa. Mwanafunzi wa tabibu wa meno mwenye simu anaweza kukisoma akiwa ndani ya daladala ya Tengeru, ilimradi awepo wa kumwambia kwamba kinamhusu.

Kwa wanaoshindwa na dawa, upasuaji upo. Mmarekani Walter Dandy alieleza mwaka 1934 jinsi alivyoikuta mishipa ya damu ikiigandamiza neva hii, na tangu miaka ya 1960 mwenzake Peter Jannetta aliendeleza njia ya kuisogeza na kuweka kipande laini katikati. Ni kazi ya daktari bingwa wa ubongo na hadubini, inayotanguliwa na kipimo cha MRI. Kitovu cha upasuaji wa ubongo nchini kwa muda mrefu kimekuwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), zaidi ya kilometa 600 kutoka Arusha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kwa mgonjwa wa namna hii, uzito wake utapimwa kwa kuangalia iwapo kitita kinabeba kipimo hicho na rufaa hiyo, au kinaishia kulipia jino la tatu kung'olewa.

Kwingineko utafiti unakwenda mbio, na baadhi yake umeanzia jirani kabisa. Fuko wasio na manyoya, wanaoishi chini ya ardhi nchini Kenya, Ethiopia na Somalia, hawasikii maumivu ya asidi. Mwaka 2011 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba mlango mmoja wa sodiamu wa wanyama hao una umbo tofauti, hivyo asidi badala ya kuwasha neva huizima. Ugunduzi wa aina hiyo umewapa nguvu wanaotafuta dawa zinazoziba mlango mmoja wa maumivu bila kugusa ubongo wala moyo. Mnamo Januari 2025 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kundi hilo, suzetrigini, kwa maumivu makali ya muda mfupi kama yale ya baada ya upasuaji. Haikuidhinishwa kwa neva ya trijemino, na bei yake haiko katika mazungumzo ya muuza ndizi yeyote.

Kwa Arusha, basi, kinachopungua hakiko Berlin wala Marekani. Ni maswali manne katika chumba cha meno kabla koleo halijashikwa: maumivu yanadumu sekunde au saa; yanaamshwa na mguso wa ngozi au na jino kugongwa; je, yamewahi kurudi baada ya jino kung'olewa; na je, kuna ganzi ya kudumu usoni au mgonjwa ana umri wa chini ya miaka 40. Majibu mawili ya kwanza yakielekeza kwenye neva, jino linaachwa na mgonjwa anapelekwa kwa daktari wa wagonjwa wa nje. Jibu la mwisho likiwa ndiyo, anatakiwa apigwe picha ya ubongo bila kuchelewa, kwani huenda ni uvimbe ndio unaoikalia neva hiyo.